Nauli Ndogo, Siri Kubwa

Mara nyingi tumewaona akina mama ndani ya matatu, mtoto kifuani na simu mkononi, wakibonyeza nambari ya siri ya M-Pesa huku abiria wa pembeni akitazama. Nauli ni shilingi chache; lakini nambari hiyo ndiyo ufunguo wa karo, kodi ya nyumba na akiba ya chama.

Mjini London, mabasi yalianza kupokea kadi za benki za kugusa Disemba 2012. Abiria huigusisha kadi kwenye mashine, akapita bila kubonyeza nambari yoyote. Ni wepesi mkubwa. Ila kadi ikipotea, aliyeiokota naye aweza kuigusisha hadi mwenyewe atakapoifunga. Ndipo benki zikaweka kikomo cha malipo yasiyo na nambari: hasara iwe ndogo.

Kwetu Kenya, kadi za nauli zilijaribiwa mwaka 2014 zisishike mizizi. Tumebaki na simu, nayo haina hasara ndogo: mwenye kuiona nambari, kisha akaipora simu, huondoka na vyote.

Basi ndugu zetu, tutenge nauli ya taslimu kabla ya kutoka nyumbani. Ikilazimu simu, tuifunike kwa mkono, wala tusimkabidhi utingo atulipie. Mwaka wa kuzaliwa usiwe nambari ya siri. Simu ikiibwa, laini ifungwe saa ile ile.

Mali ni amana, na ufunguo wa nyumba hauanikwi barazani.