Je, Wajua? Maiti wa 95 na Bruda Mpelelezi

Je, wajua kuwa Bruda Cadfael, mtawa mpelelezi wa karne ya 12 katika abasia ya Shrewsbury, Uingereza, aliyebuniwa na Ellis Peters, ana riwaya 20, na mauaji ya kila moja huanza na kwisha humohumo? Ukiokota ya 3 au ya 7 kwenye vitabu vya mitumba, muuaji utampata. Utakachokosa ni watu: nani aliwahi kumtilia nani shaka, na urafiki ulianzia wapi.

Mfano ni Hugh Beringar. Anayeanzia katikati humkuta tayari ni mtu wa serikali na swahiba wa Cadfael. Aliyesoma riwaya ya 2, One Corpse Too Many (1979), anajua jinsi wawili hao walivyoviziana mwanzoni, kila mmoja akimtegea mwenzake. Raha yake ni kutojua kama Hugh ni mwema au mwovu, na raha hiyo haipatikani ukirudi nyuma.

Riwaya hiyohiyo imejengwa juu ya tukio la kweli. Mwaka 1138 Mfalme Stephen, aliyekuwa akigombea taji na binamu yake Maud, aliiteka ngome ya Shrewsbury na kuwanyonga watu wapatao 94. Aliyeliandika tukio hilo ni mtawa Orderic Vitalis, mzaliwa wa jirani na mji huo. Katika riwaya Cadfael anapewa kazi ya kuwasitiri maiti 94. Anahesabu, anapata 95. Kwangu mimi, mfululizo mzima hauna mwanzo mtamu kuliko huo.

Ellis Peters ni jina la kalamu. Mwenyewe ni Edith Pargeter (1913–1995), mwenyeji wa Shropshire, mkoa wa mji huohuo wa Shrewsbury, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi katika duka la dawa. Inaonekana! Katika Monk's Hood (1980) sumu ni mzizi wa akoniti, ambao Cadfael huuchanganya na mafuta ya kuchua viungo vinavyouma. Kwenye ngozi ni tiba, kwenye sahani ni kifo.

Je, wajua kuwa watawa wa Shrewsbury walikuwa Wabenediktini, wafuasi wa kanuni ileile inayofuatwa Ndanda na Peramiho, Tanzania? Msomaji aliyekulia jirani na abasia hizo hahitaji kuelezwa habari za abate, kengele za sala, wala bruda anayeshinda kwenye dawa.

Uingereza ya Cadfael haikuwa na polisi. Hata ofisa wa kuchunguza vifo vya kutatanisha hakuwapo mpaka 1194. Kulikuwa na kitu cha ajabu zaidi, faini ya murdrum: maiti akiokotwa, muuaji asipopatikana, na isithibitike kuwa marehemu ni Mwingereza, sheria ilimhesabu kuwa Mnormani, yaani wa kabila la watawala, na tarafa nzima ikamlipa mfalme. Haki ya marehemu ilikuwa pembeni. Hazina ya mfalme ndiyo iliyokuwa mbele. Fikiria basi wanakijiji waliomkuta mgeni amekufa asubuhi, mpaka wa tarafa jirani ukiwa hatua chache tu! Sheria hiyo haikufutwa hadi 1340.

Ukivuka kuingia Wales, nchi aliyozaliwa Cadfael, mambo yalibadilika. Huko ukoo wa muuaji uliulipa ukoo wa marehemu fidia iliyoitwa galanas. Wanaoijua dia ya sheria ya Kiislamu wataielewa upesi.

Riwaya hizi zilifanywa pia tamthilia ya televisheni, Derek Jacobi akiwa Cadfael, nayo ilipigwa picha Hungary.

Usianzie wapi? Ya 20, Brother Cadfael's Penance (1994). Inachukulia kuwa unaijua siri ya kifamilia iliyofichuka katika ya 6, The Virgin in the Ice (1982). Siisemi hapa, na anayekuazima kitabu mwambie naye anyamaze.

Na yule Priori Robert mwenye majivuno, anayekimezea mate kiti cha abate tangu riwaya ya kwanza? Alikuwa mtu wa kweli. Ndiye aliyeileta mifupa ya Mtakatifu Winifred kutoka Wales mwaka 1138, kisha akaandika maisha ya mtakatifu huyo. Riwaya zinakoma mwishoni mwa 1145; uabate aliupata 1148.