Gesi Haiishi

Hapa Dar es Salaam kiyoyozi kina ugonjwa mmoja tu. Kikipuliza hewa vuguvugu, kikidondosha maji ukutani, kikizima chenyewe saa mbili usiku, jibu ni lilelile: gesi imeisha. Fundi anakuja na mtungi begani na geji mkononi, anakaa nusu saa huko nje, anapokea hela yake, chumba kinapoa. Baada ya miezi minne anaitwa tena. Mimi mwenyewe nimelipia gesi mara tatu kwa mashine moja, ndani ya mwaka mmoja na nusu, kabla ya kujiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tano angeuliza siku ya kwanza: hiyo gesi inakwenda wapi?

Gesi ya kiyoyozi si kama ya jikoni. Ya jikoni inaungua, na mtungi ukiwa mwepesi imekwisha kweli. Ya kiyoyozi imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba, inazunguka ileile kutoka mtambo wa ndani kwenda wa nje na kurudi, tangu siku mashine ilipofungwa hadi siku itakapouzwa skrepa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka, tena maji ya kununua. Lakini hata kabla ya kufika kwenye tundu, yapo mambo mengi yanayozuia chumba kupoa ambayo hayahusiani na gesi hata kidogo, na baadhi yake hayahitaji fundi.

Ili kuyaona, inabidi tuache kufikiri kwamba kiyoyozi kinatengeneza baridi. Hakitengenezi chochote. Ni pampu, kama ile ya kisima, ila badala ya maji inavuta joto. Ndani ya chumba gesi iliyopozwa inapita kwenye koili na kunywa joto la hewa. Kompresa inaikandamiza na kuipeleka nje. Huko nje, kwenye koili ya pili, inatema lile joto na kurudi kuchukua jingine. Umeme unalipia kazi ya kusukuma tu, ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha uniti tatu za joto au zaidi. Zile mashine zinazouzwa kwa jina la baridi na moto zina vali inayogeuza safari hiyo, joto likavutwa kutoka nje na kuletwa ndani. Mtu wa Njombe anaijua faida yake mwezi wa Julai. Kwetu pwani vali hiyo ina faida ndogo na hasara moja: ikikwama upande wa moto, au mtoto akibonyeza alama ya jua kwenye rimoti, mashine inaanza kupasha chumba joto mwezi wa Februari.

Basi kiyoyozi kisipopoza, swali la kuuliza ni joto limekwamia wapi njiani.

Anza na rimoti, hata kama unaona ni jambo la kitoto. Alama inayotakiwa ni ya kipande cha theluji. Jua ni kupasha, tone la maji ni kukausha hewa, na feni peke yake haipozi kitu. Hali ya usingizi hupandisha nyuzijoto kidogo kidogo usiku bila kukuuliza. Ukiona rimoti inaandika 75, imehamia kwenye kipimo cha Farenhaiti, nyumba haiungui. Na kushusha hadi 16 hakuharakishi lolote: mashine ya kawaida ina mwendo mmoja tu, na ya inveta itakimbia kwa nguvu zote hata ukiiweka 24, mradi chumba bado kina joto. Unachopata kwa 16 ni mashine isiyojua pa kusimamia, na uniti za Luku zinazoyeyuka.

Halafu kuna kuriseti, neno ambalo tumelifanya dawa ya kila kitu. Ndani ya kiyoyozi kuna bodi ya umeme yenye kumbukumbu ndogo. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, ukayumba mara tatu ndani ya dakika moja kama tulivyozoea, bodi inaweza kuganda kama simu inavyoganda, au kubaki imeshikilia kosa lililokwisha kupita. Kuriseti ni kuifutia kumbukumbu hiyo. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu bodi inabaki na umeme. Zima kwa rimoti, kisha shusha breka ya kiyoyozi, subiri dakika kumi, pandisha, washa. Kompresa haitaanza papo hapo. Mashine nyingi huichelewesha kama dakika tatu, ili mgandamizo wa gesi ulingane pande zote mbili kabla haijalazimishwa kusukuma. Wengi hapo hukosa subira, huzima na kuwasha tena, na kila mara hesabu ya dakika tatu huanza mwanzo.

Kama taa za mtambo wa ndani zilikuwa zinawaka na kuzima kwa mpangilio, au kioo kimeandika herufi na namba, ziandike kwanza kabla ya kushusha breka. Ule ndio ujumbe wa mashine kuhusu kinachoiuma, na maana yake inatofautiana kwa kila kampuni, iko kwenye kijitabu chake. Ukiriseti, ujumbe unafutika na ugonjwa unabaki. Kosa likirudi baada ya saa moja, acha kuriseti.

Chujio nitalipitia haraka kwa sababu kila mtu anajua na hakuna anayefanya. Fungua mfuniko, litoe, lioshe kwa maji ya bomba, likauke kivulini, rudisha. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi haiwezi kuvuka mwezi. Hewa isipopita, koili haipati joto la kunywa, inazidi kupoa hadi unyevu unaganda juu yake. Ukiona barafu kwenye koili au kwenye bomba la shaba, usiikwangue. Zima upozaji, acha feni izunguke saa kadhaa, barafu iyeyuke. Ikirudi wakati chujio ni safi, hapo ndipo gesi inaanza kuwa mshukiwa. Ajabu ni kwamba gesi pungufu nayo hugandisha. Ndiyo maana mtu akiona barafu akasema mashine inapoza sana, anakuwa amesoma dalili kinyumenyume.

Pwani kuna mzigo mwingine ambao watu wa bara hawaufahamu vizuri: unyevu. Yale maji yanayotoka kwenye mpira nyuma ya nyumba yalikuwa mvuke chumbani, na kuugeuza mvuke kuwa maji ni kazi. Lita moja inadai karibu theluthi mbili ya kilowati-saa ya upozaji. Mashine ya BTU 12,000, ambayo ndiyo ya vyumba vingi vya kulala, ina uwezo wa kuhamisha kilowati 3.5 za joto. Ikikamua lita moja kwa saa, moja ya tano ya nguvu yake imekwenda kwenye maji hata kabla kipimajoto hakijashuka. Ukianika nguo chumbani, au ukiacha dirisha wazi kidogo kwa ajili ya hewa, umeipa mashine kazi ya kukausha Bahari ya Hindi. (Hiyo BTU 12,000 mafundi wa zamani huiita tani moja. Asili yake ni barafu: ni kiasi cha joto kinachotosha kuyeyusha kilo 907 za barafu kwa saa ishirini na nne.) Maji yakirudi ndani na kuteremka ukutani, mpira wa kutolea umeziba kwa utando wa kijani. Uzibue.

Tutoke nje sasa, kwa sababu huko ndiko joto linakotakiwa kutupwa na ndiko tunakolizuia zaidi. Jirani yangu alifunga mtambo wa nje kwenye kibaraza cha kufulia, akakizungushia ukuta na kukiwekea mlango ili wezi wasiuone. Mashine ikawa inapumua hewa yake yenyewe. Kila dakika inavuta joto ililolitema dakika iliyopita, mgandamizo unapanda, kompresa inachemka na kujizima. Akabadilisha kompresa. Mpya nayo ikawa inajizima. Siku mlango wa kibaraza ulipong'olewa ukabaki wavu wa chuma, chumba kilipoa. Mtambo wa nje unahitaji nafasi mbele yake na nyuma yake, na kivuli kama kipo. Chumvi ya bahari nayo inakula vile vibati vyembamba vya alumini hadi vinapukutika kama majivu. Kwa nyumba za Msasani, Kigamboni, Nyali au Stone Town, kuosha koili ya nje kwa maji baridi yasiyo na nguvu nyingi, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka, ni sehemu ya matunzo.

Ukikuta mtambo wa nje unanguruma bila feni kuzunguka, mara nyingi kapasita imekufa. Ni kopo dogo linaloipa mota msukumo wa kuanzia, bei yake ndogo sana ukilinganisha na gesi. Lakini usiifungue mwenyewe. Huhifadhi umeme hata baada ya breka kushushwa, na unatosha kukuangusha kutoka kwenye ngazi.

Umeme wenyewe ni kisa kinachojitegemea. Mtandao wetu umepangwa kutoa volti 230, na mashine nyingi huvumilia takriban asilimia kumi juu au chini, yaani kuanzia volti 207. Saa moja jioni mtaa mzima unapowasha majiko, pasi na viyoyozi, mwisho wa laini unaweza kukuta 190 au pungufu. Kompresa isiyo ya inveta haipunguzi kazi kwa sababu volti zimepungua. Inavuta ampea nyingi zaidi, inapata moto, na kinga yake inaikata. Inapoa, inajaribu tena, inakatwa tena. Mwenye nyumba anaona kiyoyozi kinachopoza vizuri alfajiri na kuchoka jioni. Fundi akija saa nne asubuhi anakikuta kizima, na kwa kuwa hawezi kuondoka mikono mitupu, anaongeza gesi. Sasa mashine ina gesi iliyozidi, na jioni inazidiwa mapema zaidi. Kipimo cha volti cha kuchomeka ukutani, kikisomwa saa mbili usiku, kinaumaliza ubishi huu. Kinga ya umeme ya friji ina ampea ndogo kwa kazi hii. Nunua iliyoandikwa ya kiyoyozi.

Kabla ya kumwita yeyote, fanya kipimo kimoja. Washa mashine dakika kumi na tano, kisha pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu ya mtambo wa ndani na inayotoka chini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, mashine inafanya kazi yake, na kama chumba bado cha moto basi tatizo ni chumba: bati lisilo na dari, dirisha la magharibi lisilo na pazia, au mashine ndogo kuliko ukumbi. Tofauti ikiwa nyuzi 3 au 4, na chujio ni safi, na feni ya nje inazunguka, na volti zipo, hapo mwite fundi wa gesi.

Akija, tazama anaanzaje. Mafundi wengi walijifunzia kwenye gesi ya R22, ambayo geji ya upande wa mgandamizo mdogo husoma kati ya psi 60 na 75 hivi. R22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Mashine za leo zina R410A au R32, na zote mbili husoma zaidi ya 110. Anayejaza R32 hadi 70 kwa mazoea ameiacha mashine na njaa. Kwenye inveta geji inadanganya hata kwa anayeijua, maana mgandamizo unabadilika na mwendo wa kompresa. Njia ya kuaminika ni kutoa gesi iliyomo, kuvuta hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, na kurudisha kwa mizani uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mtambo wa nje. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo sigara ikae mbali. Na gesi iliyomo isiachiwe hewani: kilo moja ya R410A inapasha anga kama tani mbili za hewaukaa, na ni gesi za kundi hilo ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza huko Kigali, Oktoba 2016.

Mashine yangu ilipatiwa dawa na fundi wa nne. Hakuja na mtungi. Aliomba bakuli, sabuni ya unga na sponji, akapaka povu kwenye kila nati ya bomba. Kwenye ya pili povu lilianza kutoa vipovu vidogo, polepole, kama wali unaokaribia kukauka. "Ndugu, hapa ndipo hela yako ilipokuwa inatokea," akasema. Kichwa cha bomba kilikuwa kimepanuliwa kombo tangu siku ya kufungwa. Alikikata, akapanua kingine, akarudi kesho yake na pampu na mizani, akapima gramu kwa gramu. Kazi ilichukua asubuhi nzima na ilinigharimu zaidi ya kujaza gesi mara moja. Huu ni mwaka wa tatu.