Bustani ya milango ya fahamu: tupande nini Mbinga, tupande nini Nyasa?

Chuma jani la mchaichai, lifikiche, kisha mpe mtoto asiyeona alinuse. Akikwambia "limau", hajakosea. Mchaichai na ganda la limau vyote vina sitrali, mafuta yanayoruka hewani kwa urahisi. Ndani ya jani yamefungiwa. Ukilifikicha unavunja seli, yanatoka na kupanda hadi puani. Ndiyo maana bustani ya watoto haitakiwi kuwa na kibao cha "Usiguse".

Mmea ambao mimi singeuacha ni kifauongo. Ukimgusa anajikunja, eti kafa. Hana misuli wala neva, sasa anajikunjaje? Kwenye shina la kila kijani kuna kifundo kidogo chenye seli zilizojaa maji. Ukigusa, ishara ya umeme inapita, chembe za potasiamu zinatoka nje ya seli za upande mmoja, maji yanazifuata, na upande huo unanywea kama puto. Baada ya dakika kadhaa maji yanarudi, jani linafunguka. Mwaka 2014 Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio ambalo vifauongo viliangushwa tena na tena bila kuumia, mwishowe vikaacha kujikunja. Wanasayansi bado wanabishana kama huko ni "kujifunza". Mpande kwenye chungu lakini, maana ana vimiba na husambaa mno.

Mengine yanategemea uko wapi. Milima ya Umatengo inapita mita 1,500, na huko kahawa ya arabika inakupa harufu ya bure: mvua ikinyesha baada ya kiangazi, maua meupe yanachanua kwa pamoja, yananukia kama asmini, na siku chache tu yamekwisha. Mbamba Bay, kando ya ziwa, joto ni kali kwa arabika. Huko panda mrehani na mchaichai. Kwa sauti yapo matete. Upepo wa ziwa utayachezesha wenyewe.

Kwa kuonja, rozela.

Inua kitanda cha udongo hadi sentimita 60 hivi, ili mtoto wa kiti cha magurudumu afikie. Funga kamba kutoka mmea hadi mmea, yenye fundo kila penye kitu cha kunusa, mtoto asiyeona atembee peke yake bila kushikwa mkono.

Kabla ya yote, kagua uzio. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kumfanya mtoto asione kwa siku kadhaa. Mbegu za nyonyo zina risini, sumu kali, na zina madoa mazuri yanayomvutia mtoto kuzitafuna. Upupu nao ng'oa ukiwa mchanga, kabla haujatoa maganda.