Kondoo bila chemchemi: Wafugaji wa Kigiriki walivyonusurika Marekani

WENGI wakisikia habari za wafugaji wa Marekani Magharibi huwazia mwanamume mwenye kofia pana, juu ya farasi, akiswaga ng'ombe. Ni wachache wanaofahamu kwamba katika majimbo ya Utah na Colorado, makundi mengi ya kondoo yalikuwa mali ya familia zilizotoka Ugiriki.

Familia hizo hazikwenda huko kufuga. Mwanzoni mwa karne ya 20, umaskini uliwafukuza maelfu ya vijana kutoka kisiwa cha Krete na vijiji vya Ugiriki bara, wakaishia kuchimba makaa ya mawe na shaba na kujenga reli.

Hata kazi hizo ngumu zilinunuliwa. Dalali maarufu, Leonidas Skliris wa Salt Lake City, aliwatoza Wagiriki wenzake fedha ili awatafutie ajira. Mnamo 1912 wachimbaji wa shaba wa Bingham, wengi wao Wakrete, waligoma, na miongoni mwa matakwa yao ni kwamba dalali huyo aondolewe. Alijiuzulu.

Machi 8, 1924, mlipuko katika mgodi wa Castle Gate, kaunti ya Carbon jimboni Utah, uliua watu 172. Wagiriki walikuwa takriban 50. Mwaka huo huo sheria mpya ilipunguza idadi ya wahamiaji kutoka Ugiriki hadi 100 kwa mwaka, huku wafuasi wa Ku Klux Klan wakichoma misalaba katika kaunti hiyo hiyo kuwatisha wageni.

Si ajabu basi kwamba aliyechunga kondoo utotoni alianza kuwakumbuka. Baadhi walikuwa wamekwisha kuuacha mgodi mapema: ndugu wawili, au marafiki wa kijiji kimoja, waliunganisha akiba yao na kununua kundi dogo.

Maisha yenyewe yalikuwa ya kuhamahama. Majira ya baridi kondoo walilishwa jangwani, ambako theluji ni chache. Masika ulikuwa msimu wa kuzaa, na hapo usingizi ulikuwa anasa, maana usiku mmoja wa baridi kali ungeweza kuangamiza wanakondoo wengi. Kiangazi kundi lilipandishwa milimani. Mchungaji aliishi ndani ya gari la kukokotwa na farasi, lenye kitanda, jiko la kuni na paa la turubai, akiwa na mbwa wake. Mke na watoto walibaki mjini, ambako Wagiriki wa Price, makao ya kaunti ya Carbon, walikuwa wamejenga kanisa lao la Kiothodoksi mwaka wa 1916. Mengi tunayojua kuhusu watu hao tunayapata kwa Helen Papanikolas, mwanahistoria aliyezaliwa Carbon mwaka wa 1917 na wazazi wahamiaji, na kufariki 2004.

Lakini malisho hayo yalikuwa ya nani? Sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya serikali kuu, na yeyote aliweza kulisha humo bila malipo. Aliyewahi ndiye aliyepata. Nyasi zikaisha, udongo ukapeperushwa na upepo, na wenye ng'ombe wakawachukia wenye kondoo kwa chuki ambayo mfugaji yeyote wa Laikipia anaweza kuielewa.

Juni 28, 1934, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyopewa jina la mbunge wa Colorado, Edward Taylor. Ekari zisizozidi milioni 80 zingetengwa kuwa wilaya za malisho, na kila mfugaji angehitaji kibali cha muda usiozidi miaka 10.

Ada haikuwa mzigo. Kuanzia 1936 ilikuwa senti tano za dola kwa mwezi, kwa ng'ombe mmoja au kondoo watano. Mzigo ulikuwa mahali pengine: mwombaji alipaswa kuwa raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia, na kipaumbele kilipewa wenye ardhi au maji karibu na malisho.

Hapo ndipo hatima za watu zilipoachana. Mwenye maelfu ya kondoo lakini asiye na shamba aliweza kujikuta hana pa kuwapeleka, ilhali jirani yake mwenye kundi dogo na chemchemi moja aliyoinunua zamani alipata kibali. Sikatai kwamba sheria hiyo iliziokoa nyasi. Hata hivyo, iliwatupa nje wafugaji waliozoea kuhama na mifugo yao yote, na mhamiaji aliyechelewa kununua ardhi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuumia.

Waliobaki walivirithisha vibali vyao pamoja na mashamba. Biashara yenyewe imefifia: kondoo wa Marekani walikuwa takriban milioni 56 mwaka wa 1942, na sasa ni kama milioni tano. Katika ranchi nyingi za Magharibi, anayelala milimani na kundi si mjukuu wa Mgiriki tena. Ni kijana kutoka Peru, aliyekwenda huko kwa viza ya kibarua.