Mfundishe Mtoto Wako Kumjua Samaki

Leo tuache kidogo mambo ya ufuta na mihogo, tuzungumze juu ya samaki. Najua wengine mtaguna: sisi watu wa Kikole ni wakulima, bahari iko mbali, sisi na samaki wapi na wapi? Lakini hebu jiulize, mboga ya jana ilikuwa nini? Kama si kisamvu, basi huenda ilikuwa ng'onda, au dagaa, au vibua wa kukaanga walioletwa na mchuuzi kutoka Kivinje au Masoko. Kumla samaki tunamla sana. Kumjua ndiko kuna kazi.

Mtoto wa mvuvi wa Songo Mnara humjua samaki kabla hajajua kuhesabu, kwa sababu anamwona akitolewa chomboni. Mtoto wa Kikole humwona samaki akiwa amekwisha pasuliwa, ametiwa chumvi, amekauka kama ubao. Na siku ile moja anapoletwa samaki mbichi nyumbani, tunamwambia mtoto, "Hebu toka hapa, utachomwa na miiba!" Hapo ndipo tunapokosea. Samaki akiparwa, mtoto akae karibu.

Nitawapa kisa changu mwenyewe. Mimi sikuzaliwa pwani. Nilipomaliza chuo nikapangiwa kazi huku Kusini, nikafikia katika kijiji kimoja cha ufukweni. Juma la kwanza tu nikanunua vibua sokoni. Walikuwa waking'aa, kumbe muuzaji alikuwa anawamwagia maji kila mara. Nikawakaanga mpaka wakakauka, nikala nikashiba. Haikupita saa moja uso ukawa moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga, tumbo linasokota. Wakanipeleka zahanati. Niliporudi, binti wa mwenyeji wangu, mtoto wa miaka saba, akaniuliza, "Bwana Shamba, kwani hukufunua mashavu?" Cheti cha chuo ninacho, lakini habari ya kufunua mashavu sikuwa nayo.

Yafaa mjue kilichonipata. Vibua na jodari wakikaa juani bila barafu, vijidudu katika nyama yao hutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa moto. Ukaange, uchemshe, ubanike, ni kazi bure. Kinga yake ni kumkagua samaki kabla hujatoa pesa.

Basi mchezo wa kuanzia ni huu: mpe mtoto cheo cha Bwana Afya. Wewe mama, au wewe baba, uwe muuzaji, na mtoto aje kukagua. Atazame macho: ya samaki mzuri yamejaa na yanang'aa, ya samaki mbovu yamezama na yana ukungu. Afunue shavu: ndani pawe pekundu, pasiwe rangi ya udongo. Abonyeze nyama kwa kidole: ikirudi juu, vema, na shimo likibaki, hapana. Kisha anuse. Mwisho atoe hukumu mbele ya watu wote, "Nunua!" au "Usinunue!" Na akisema usinunue kwa haki, msikilize, hata kama muuzaji wa kweli yuko pale mlangoni ananuna. Mtoto anayeona neno lake limefuatwa halisahau somo hilo.

Shavu likiwa wazi, usilifunike upesi. Ndani yake mtoto ataona nyuzi nyekundu zilizopangwa kama kitana. Hayo ndiyo matamvua, na jina hilo ni lile lile la nyuzi za pembeni mwa kikoi au shuka. Samaki huvutia maji kinywani, akayatoa kupitia matamvua, na hapo damu yake huchukua hewa iliyomo majini. Sasa mtoto atauliza, mbona akitolewa nje anakufa, na huku nje kuna hewa tele? Leta karai la maji na kikoi. Tumbukiza tamvua la kikoi: nyuzi zinatawanyika, kila mmoja peke yake. Litoe nje: zote zinashikana, zimekuwa fundo moja. Matamvua ya samaki hufanya vivyo hivyo. Nje ya maji hulaliana, nafasi ya kupokea hewa ikapungua, akafa. (Karai hilo likwisha kazi limwageni. Mtoto mdogo hazama baharini tu.)

Kwa kuwa karai lipo, tafuta na chupa ya plastiki yenye kifuniko. Ikiwa tupu inaelea. Ukiijaza inazama. Mwambie mtoto aongeze na kupunguza maji mpaka chupa ielee kwa shida, karibu yote imo majini. Akifika hapo amefanya kazi ya samaki, maana samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, nao hukijaza na kukipunguza ili wakae kina wanachotaka. Changu akitumbuliwa, kitafuteni, ni kifuko cheupe chini ya uti wa mgongo. Papa hana kibofu hicho. Yeye husaidiwa na ini kubwa lenye mafuta, yale mafuta ambayo mafundi wa vyombo huyaita sifa na kuyapaka majahazi, na hata hivyo akiacha kuogelea huzama.

Magamba nayo msiyatupe yote. Chagua moja kubwa, lioshe, mtoto alitazame kwenye mwanga. Ataona mistari myembamba ya duara, moja ndani ya mwingine, kama ile ya gogo la mti lililokatwa. Gamba hukua pamoja na samaki. Katika nchi za baridi wataalamu huhesabu mistari hiyo wakajua umri wake, ila kwetu kwenye joto mwaka mzima hesabu hiyo si rahisi.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa kopo, na huu naomba muufanye hasa, kwa kuwa mkulima ataufahamu haraka kuliko mtu wa mjini. Chukua kopo tupu, litoboe matundu chini kwa msumari mnene. Weka ungoni konzi moja ya kunde na konzi moja ya ufuta, uchanganye. Kunde ni samaki wakubwa, ufuta ni watoto wao. Mtoto achote kwa kopo na kutikisa juu ya ungo. Ufuta unapita, kunde zinabaki. Kunde ndizo mavuno, ziweke pembeni. Sasa hesabu: kwa kila punje kumi za ufuta zilizoponyoka, rudisha kunde moja ungoni, maana samaki wengi hufa wadogo na wachache ndio hukua. Ongeza ufuta kidogo, kwa kuwa wakubwa wamezaa. Vua tena. Mtaona mavuno yanapatikana msimu hata msimu.

Halafu badilisha. Vueni kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Mara ya kwanza mtoto atafurahi sana, maana amezoa kila kitu, kunde na ufuta. Mwambie, "Haya, vua tena." Atatazama ungo, hamna kitu. Hapo usiseme neno. Mwache akutazame. Sisi wakulima tunajua mtu anayekula mbegu anaitwaje, na chandarua kinachoburutwa kwenye maji ya kina kifupi, ambako samaki wengi hulelewa, ni kula mbegu. Baruti ni mbaya zaidi, kwani huvunja na matumbawe yenyewe, nyumba ya samaki. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaikataza, nayo pwani ya Kilwa ilipata kuteswa nayo sana. Mkisema hayo yanawahusu wavuvi, kumbukeni kwamba bei ya ng'onda inaanzia hapo.

Sasa kuna somo ambalo si mchezo, ingawa tutalifundisha kwa mchezo. Likizo ikifika watoto wetu huenda kwa jamaa zao Kivinje na Masoko, wakacheza ufukweni, wakaokota wanachokiona. Wafundisheni kumjua bunju. Mchoreni kwenye mchanga au kwenye majivu: kichwa kikubwa, hana magamba ila ngozi, pengine yenye vimiiba, meno yameshikana kama mdomo wa kasuku, na akishtuliwa humeza maji tumbo likavimba kama mpira. Mtoto ajaze mashavu yake hewa, atembee akiwa bunju, wenzake wamkimbie. Watacheka, na sura watakuwa wameishika. Pono naye ana mdomo wa kasuku, lakini pono ana magamba makubwa, na huyo analiwa. Waulizeni tofauti hiyo mara kwa mara. Sumu ya bunju imo hasa katika ini, mayai na ngozi, na moto hauiondoi. Aliyemla huanza kufa ganzi midomo na ulimi, kisha viungo hulegea, mwishowe pumzi hukatika. Mtu huyo akimbizwe hospitali saa ile ile, msingoje dawa ya kuchemsha. Na mtoto ajue kanuni moja: samaki aliyeokotwa ufukweni haliwi, awe anaitwa nani.

Kuhusu miiba, ambayo ndiyo sababu ya kuwanyima wadogo samaki: aliyetimiza miezi sita apewe dagaa, asinyimwe. Ondoeni mchanga, waosheni, wakaangeni bila mafuta mpaka wakauke vizuri, watwangeni mpaka wawe unga, mchekeche, mtie kijiko katika uji. Dagaa huliwa na mifupa yake, nayo ina madini ya kujenga mifupa ya mtoto. Mkubwa ndiye apewe kazi ya kuchekecha. Mwiba ukimkwama mtu kooni, msimsukumizie tonge la ugali, mpelekeni zahanati.

Jioni, moto ukiwaka, wapeni hadithi ya kweli ya huku huku kwetu. Yuko samaki aitwaye silikanti, ana mapezi yenye nyama kama vijiguu, naye hatagi, huzaa. Wataalamu walimjua kwa alama zake katika mawe tu, wakaamini ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka mwaka 1938 akavuliwa mmoja mzima kule Afrika Kusini. Na mwaka 2003 akavuliwa karibu na Songo Mnara, hapa hapa Kilwa. Watoto wataitana usiku kucha kwa jina hilo. Kisha wategeeni kitendawili, wao nao watege vyao. Kwa kuanzia: "Nguo yake ni ya sarafu, hajaivua tangu kuzaliwa."

Asubuhi yake pasueni samaki wawili wadogo. Mmoja mpakeni chumvi, mumweke juu ya kichanja mbali na kuku. Wa pili asipakwe kitu, awekwe chini kwenye mkeka. Mtoto ahesabu nzi wa kila mmoja asubuhi, adhuhuri na jioni, akichora alama kwa mkaa ukutani. Siku ya tatu amnuse mmoja mmoja, halafu yeye mwenyewe aseme yupi aingie chunguni na yupi azikwe kwenye shimo la mbolea.

Kwaherini, tutaonana tena.