Karatasi ya Gari: Tusome Nini Kabla ya Kutia Sahihi ya Mkopo?

Wafanyakazi wengi wanaokwenda kuomba mkopo wa gari katika chama chao cha akiba na mikopo huwa na karatasi moja mkononi, yaani maelezo ya kiwanda waliyopewa na muuzaji. Mkopo hukatwa katika mshahara kwa miaka, nalo gari ni la mkono wa pili kutoka Japani. Kwa hiyo tumeona inafaa tuisome karatasi hiyo pamoja. Mfano wetu ni Toyota Premio ya umbo lililotoka mwaka 2007 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2021, maana ni gari la jamaa linaloonekana sana katika barabara zetu.

Muuzaji huanza na farasi. Injini ya sisi 1500 ina farasi karibu 110. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila hupatikana injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, na hakuna mzazi anayewapeleka watoto shule kwa mwendo huo. Linalotuhusu zaidi ni nguvu ya kuvuta, nayo hufika kilele kwenye mizunguko 4400 hivi. Maana yake gari lililojaa watu, likipanda milima ya Kabale, litanguruma sana kabla ya kuvuta. Anayezunguka mjini tu, 1500 inamtosha. Anayepanda milima kila wiki ni afadhali aongeze fedha achukue 1800.

Sasa tuje kwenye uzito, mstari ambao watu huuruka. Premio tupu ina kilo 1200 hivi. Uzito wa jumla unaoandikwa Japani hupatikana kwa kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Watu watano ni kilo 275, basi. Hakuna mzigo ndani ya hesabu hiyo! Ndugu zetu, watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350, na bado hatujatia gunia la makaa na mikungu ya matoke katika buti. Tairi hazitalalamika upesi, kwa kuwa tairi iliyoandikwa 91 ubavuni hubeba hadi kilo 615. Zitakazolegea ni springi za nyuma na shoki zake, na gharama hiyo haimo katika mkopo.

Kuhusu petroli, tutazame jina la kipimo. Kipimo cha zamani cha Kijapani, kiitwacho 10-15, hufanyiwa gari likiwa juu ya mitambo ndani ya jengo, na mwendo wake haupiti kilomita 70 kwa saa. Kile kilichofuata, JC08, ni kigumu kidogo. Vyote viwili havijui msongamano wa Kampala saa kumi na moja jioni. Tusipange bajeti ya nyumba kwa kilomita hizo.

Wazee wetu wataikumbuka Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na kushinda Safari Rally mwaka 1975. Kwa karatasi, magari haya mawili hayaachani sana: 504 ilikuwa na urefu wa mita 4.49, Premio ina mita 4.6 hivi, na uzito unakaribiana. Kwa farasi, 504 ilishindwa. Lakini magurudumu yake yalikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, hata likaheshimiwa kwenye barabara za mashimo. Jambo hilo halina mstari wake katika karatasi ya muuzaji. Ndiyo sababu fundi mnayemwamini, wala si wa muuzaji, aliweke gari juu ya shimo la gereji na kulitazama tumboni kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

Wanachama walio Uganda wakumbuke pia sheria ya mwaka 2018, inayokataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Mwaka wa kuandikishwa Japani unaweza kuwa mwingine.

Mwisho ni namba ya chesisi. Ikianza na NZT260, injini ni 1500. Ikianza na ZRT260 ni 1800. Kama tangazo linasema 1800 na chesisi inasema NZT, muulizeni muuzaji kwa nini anadai bei ya 1800.