Metali Nzito na Ukuaji wa Bakteria: Mfano wa Udongo wa Lubumbashi

1. Utangulizi

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 jimbo la Katanga liliitwa Shaba, yaani lilibeba jina la metali iliyochimbwa humo. Metali hiyo ndiyo iliyoujenga mji wa Lubumbashi, ambako kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mwaka 1911. Lakini moshi wa dohani yake, ambayo wakaaji wa mji huiita mumbunda, ulipeperushwa na upepo wa kusini-mashariki miaka mingi, ukaacha vumbi la metali katika udongo wa upande wa pili, hasa Penga Penga, ambako ardhi ilibaki karibu tupu. Makala haya yanakusudia kueleza metali hizo hufanya nini kwa bakteria, na kwa nini jambo hilo linatuhusu.

2. Maana ya istilahi

Metali nzito ni jina la jumla la metali kama shaba, zinki, kobalti, kadimi, risasi na zebaki. Bakteria ni viumbe wa seli moja wasioonekana kwa macho matupu. Katika mazungumzo ya kila siku huitwa vijidudu au mikrobi, na majina hayo huleta mawazoni ugonjwa. Hapo ndipo fikra hupotoka, kwa kuwa msikilizaji hudhani kwamba kila kinachoua vijidudu ni dawa. Kumbe bakteria wengi wa udongo hawamdhuru mtu. Kazi yao ni kuozesha majani na kuirudishia mimea chakula. Wakipungua, udongo hukosa rutuba.

3. Namna metali inavyodhuru

Shaba, zinki na kobalti huhitajiwa na bakteria wengi kwa kiasi kidogo mno, kwani baadhi ya vimeng'enya vyao haviwezi kufanya kazi bila metali hizo. Kadimi, risasi na zebaki hazina faida kama hiyo. Kiasi kinapozidi, shaba huondoa chuma mahali pake ndani ya protini, kadimi hunyang'anya nafasi ya zinki, na zebaki hushikamana na salfa ya protini. Ni mfano wa ufunguo usio wake uliokwama katika kufuli: haufungui, wala ule wa kweli haupati pa kuingia.

Katika maabara madhara haya hupimika. Bakteria waliowekwa katika chakula kipya husubiri kwanza, kisha huongezeka kwa kasi, halafu hutulia. Metali hurefusha kipindi cha kusubiri, hupunguza kasi ya kuongezeka, na idadi ya mwisho huwa ndogo. Ikizidi zaidi, ukuaji husimama kabisa.

4. Bakteria wanaostahimili

Hata hivyo, si wote wanaokufa. Mwaka 1976 bakteria mmoja alipatikana katika mashapo ya kiwanda cha zinki nchini Ubelgiji. Leo anaitwa Cupriavidus metallidurans, jina la Kilatini lenye maana ya mpenda shaba anayestahimili metali. Seli yake ina pampu zinazotoa metali nje. Jeni nyingi za ustahimilivu huo zimo katika plasmidi, yaani vipande vya DNA vilivyo kando ya kromosomu. Akipotezewa plasmidi hizo, ustahimilivu wake hushuka sana. Mwaka 1990 Diels na Mergeay walitangaza kwamba bakteria wenye jeni za namna hiyo walipatikana pia katika maeneo ya migodi ya Katanga. Kwa hiyo ardhi iliyo tupu si lazima iwe imekufa; huenda imebakiwa na wale tu wanaoweza kuvumilia.

5. Faida na hatari

Hapa pana onyo. Mtu asidhani kwamba maji ya kisima yaliyoingiwa na metali yamesafishwa na metali hizo. Jeni za kustahimili metali mara nyingi huambatana na jeni za kustahimili dawa za antibiotiki katika plasmidi moja. Metali inayowachuja bakteria inaweza hivyo kuwaacha wale ambao dawa za hospitali haziwawezi. Zaidi ya hayo, metali haiozi. Mnywaji huipokea pamoja na maji.

Tumaini nalo lipo. Huko Penga Penga watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walijaribu kupanda nyasi za kienyeji kwa kutumia chokaa na mboji, na matokeo yalitolewa mwaka 2010. Chokaa hupunguza uasidi wa udongo, nayo mboji hushika shaba. Metali haiondoki, bali hufungwa isiifikie mizizi na bakteria kwa wingi.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba metali nzito haisafishi udongo, bali huchagua nani abaki. Mkulima wa Lubumbashi na mchota maji wanastahili kuelezwa hayo kwa lugha wanayoielewa. Tukiendelea kuwaambia kwamba sumu inaua vijidudu tu, watafurahi mahali ambapo wangepaswa kujihadhari.